AKIBA HAIOZI, LAKINI YA DISKI HUOZA

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba akiba haiozi. Nadhani walikuwa wakifikiria mahindi yaliyotundikwa juu ya meko, maharagwe yaliyochanganywa na majivu, na fedha iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya akiba ya aina nyingine, ambayo wahenga hawakuijua na ambayo, kwa bahati mbaya, huoza. Tena huoza kimya kimya bila kutoa harufu. Nazungumzia picha, sauti na nyaraka tunazozihifadhi ndani ya diski za kompyuta.

Nyumbani kwangu Buganguzi, Wilaya ya Muleba, nina kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini miaka mingi kabla ya kunifikia mimi. Haina kioo wala kibodi. Imekaa pembeni sebuleni, ndani yake mna diski mbili za terabaiti nne kila moja, na kazi yake ni moja tu, nayo ni kutunza. Vijana huiita seva. Simu zote za nyumbani huweka na kuchukua vitu humo bila kupitia intaneti. Mna picha za ukoo tangu enzi za kamera za filamu, barua za wazee, hati za kibanja, risiti za mauzo ya kahawa, na saa nyingi za sauti za wazee wakieleza asili ya koo na mipaka ya mashamba, wengine wakipiga enanga.

Watu huniuliza: ya nini taabu yote hiyo, wakati kampuni kubwa za nje zinakutunzia picha zako bure? Kwa wale wanaotoka Kagera, jibu langu ni neno moja: butura. Kwa wasiolijua neno hilo, butura ni ule mtindo wa mkulima mwenye shida ya ada au ya ugonjwa kuuza kahawa yake ingali maua mtini. Mnunuzi humpa fedha kidogo leo, na msimu ukifika huja kuchuma. Viongozi wameupiga vita mtindo huo miaka nenda miaka rudi, kwa sababu unamwacha mkulima akiwa kibarua katika kibanja chake mwenyewe.

Sasa tazameni mambo ya picha. Kwa miaka kadhaa kampuni ya Google ilikuwa ikitunza picha za watu bila kikomo na bila malipo, mradi ukubali zipunguzwe ubora kidogo. Watu wakamwaga humo maisha yao yote. Kisha, tarehe 1 Juni 2021, utaratibu ule ukakoma. Tangu siku hiyo picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe na mengineyo. Anayezidisha hulipa kila mwezi, ama hupunguza. Sisemi kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria. Nasema kwamba aliyeweka mavuno yake yote kwa mtu mwingine hana budi kusikiliza bei atakayotajiwa.

Aidha, wingu hilo wanaloliita la kompyuta linafikiwa kwa waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota nchini mwetu na katika nchi jirani. Siku kama hiyo picha ya marehemu bibi yako iliyoko ng'ambo ni kama haipo. Iliyomo ndani ya nyumba haihitaji waya wa baharini.

Lakini sikuja mbele yenu kuisifu seva ya nyumbani. Nimekuja kueleza taabu zake, kwa sababu naona vijana wengi wa mijini wanazinunua diski kama watu wanaonunua masanduku, wakidhani kazi imekwisha pale wanapofunga kifuniko.

Taabu ya kwanza huanzia dukani, nayo ni ya vipimo. Unanunua diski iliyoandikwa terabaiti moja, unaichomeka, kompyuta inakuambia ina gigabaiti 931. Wengi huamua hapo hapo kwamba wamepunjwa, kama mkulima anayelazimishwa kujaza gunia la lumbesa. La hasha, hapa hakuna wizi. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, na programu nyingi za kompyuta zinahesabu kwa 1,024. Mizigo ni ile ile, mizani ndiyo miwili.

Wizi wenyewe uko kwingine. Katika mitaa ya miji yetu huuzwa flashi na diski ndogo zilizoandikwa terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana. Ukiichomeka, nayo inatamka kwa ujasiri kwamba ina terabaiti mbili. Ndani yake mna gigabaiti 32 au 64 tu, na kijiprogramu kilichofundishwa kusema uongo. Unaweka picha, inapokea. Unaongeza, inapokea. Ikishajaa, inaandika mpya juu ya za zamani, na majina ya mafaili yanabaki yakikutazama kama makaburi yaliyochorwa maua. Mtu hugundua siku anapoihitaji picha yenyewe. Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kuiamini, ijaze yote kwa vitu usivyovihitaji, kisha uvisome tena kimoja kimoja. Zipo programu za bure zinazofanya kazi hiyo.

Hata diski halali zina mambo yake. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ililazimika kukiri hadharani kwamba baadhi ya diski zake za jina la Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo za nyumbani, zilitengenezwa kwa mtindo wa kupandanisha mistari ya maandishi kama vigae vya paa. Mtindo huo hupata nafasi zaidi kwa gharama ndogo. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kubadili kigae kimoja sharti uwainue na majirani zake, na diski hupooza wakati wa kazi nzito. Wanunuzi hawakuwa wameambiwa. Somo kwa mnunuzi wa Kariakoo au wa Bukoba mjini ni lile lile: usiulize ukubwa na bei tu, uliza na namna ilivyotengenezwa.

Taabu ya pili ni umeme. Kompyuta kama yangu hula kama wati 60 mchana na usiku. Pigeni hesabu: kwa siku 30 ni yuniti 43 za LUKU, kabla hujawasha hata taa. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni umeme kukatika na kurudi. Mkoa wetu kwa miaka mingi ulitegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda kupitia Kyaka, na kila mkazi wa Kagera amejifunza kulala na mshumaa karibu. Taa ikizimika, inazimika tu. Diski ikizimwa katikati ya sentensi inaweza kusahau sentensi yote, na pengine ukurasa mzima.

Naomba mfahamu kilichomo ndani ya kiboksi hicho. Mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, maana yake mara 90 au 120 kila sekunde. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, kwa kimo ambacho unywele wa binadamu ukipita hapo utaonekana kama gogo lililoangukia barabara. Diski ya kwanza ya namna hii, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na ilibeba herufi milioni tano tu. Leo kiboksi kinachoingia mfukoni hubeba hata mara milioni moja zaidi ya hapo. Tumeshangilia udogo wake mpaka tumesahau kwamba ni mashine, na mashine huchakaa.

Taabu ya tatu ndiyo hiyo ya kifo. Diski zina utaratibu wa kujipima afya na kutoa taarifa. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya zile zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili hata moja. Zilikwenda kulala nzima, zikaamka maiti. Kwa hiyo mtu anayesema, "Diski yangu haina tatizo, naiangalia kila wiki," anasema kweli kuhusu jana.

Mafundi waliliona jambo hilo zamani. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, waliandika juu ya mpangilio unaoitwa RAID, ambao diski kadhaa hufanya kazi kama kundi, moja ikifa nyingine ziendelee. Diski mbili za kwangu zimepangwa hivyo: kila kinachoandikwa kwenye hii huandikwa na kwenye ile. Ni mpangilio mzuri. Lakini ukiweka diski mpya badala ya iliyokufa, lazima ile iliyobaki imnakilie mgeni kila kitu. Kwa terabaiti nne, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni zaidi ya saa saba za kazi mfululizo. Nitajieni jumamosi moja ya masika ambayo umeme vijijini una uhakika wa kukaa saa saba.

Na pacha hawa wana udhaifu mwingine: hula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Mtoto akifuta faili kwenye moja, limefutika na kwenye nyingine. Mwizi akichukua kompyuta, amezichukua zote mbili.

Radi nayo haichagui. Wenye kuchunguza hali ya hewa wanalihesabu bonde la Ziwa Victoria kuwa miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kupita kiasi duniani, nasi wa Muleba hatuhitaji kuambiwa. Masika moja radi ilipiga karibu na nguzo ya njia yetu. Seva ilikuwa na betri yake na kizuia-mshtuko chake, vyote vikateketea pamoja nayo. Nikaipeleka kwa fundi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wangu vipi?"

Akafungua, akapima, akanyamaza kidogo. "Mwalimu, nisikudanganye. Zote mbili zimeondoka. Umeme umepita hapa, ukaingia hapa na hapa."

"Kwa hiyo hakuna kitu?"

"Humu ndani hakuna."

Alisema vizuri: humu ndani. Miongoni mwa vilivyokuwa ndani yake ni sauti ya jirani yangu, mzee aliyefariki, akieleza mpaka wa kibanja chake, mlamula hadi mlamula, akitaja nani alipanda upi na nani alishuhudia. Wiki chache baadaye mjane wake aliitwa kwenye usuluhishi wa baraza la kata, kwa sababu shemeji yake alikuwa amegundua ghafla kwamba mpaka uko kwingine. Mama yule alikuja kwangu asubuhi akiwa na fimbo yake na ombi moja, asikilizishe wazee sauti ya mumewe. Nikampigia simu mpwa wangu aliyeko Mwanza. Kabatini mwake kulikuwa na diski ya tatu, niliyompelekea kwa basi wakati wa Krismasi. Jioni ile sauti ikaingia kwenye simu ya kijukuu cha yule mama. Wazee wakasikiliza, wakatembea kwa miguu mlamula hadi mlamula, na shemeji mtu akakumbuka vizuri zaidi.

Msiniambie kwamba haya ni mambo ya kuchezea kompyuta. Katika mkoa wetu kumbukumbu ni ardhi, na ardhi ni mlo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi maarufu ya Ephrahim na Pastory iliyotokana na mila za Kihaya. Mwanamke alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza, mwanamume wa ukoo akapinga, na jaji akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Tunaisifu hukumu ile, na ni haki kuisifu. Lakini tukumbuke na kitu kimoja kidogo: wosia ulikuwapo. Wahenga hao hao waliosema akiba haiozi ndio waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tufanye nini? Wenye kazi hii wana kanuni fupi ya hesabu: tatu, mbili, moja. Kila kitu chenye thamani kiwe na nakala tatu, ziwe kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyumbani. Mkulima wa Kihaya hahitaji kufundishwa kanuni hiyo, maana kibanja chake ndicho kinachoifundisha. Ndani ya kibanja kimoja mna migomba ya aina nyingi, mna mibuni, mna maharagwe. Mnyauko wa migomba ulipogunduliwa wilayani Muleba mwaka 2006, aliyekuwa na kahawa na maharagwe alipata pa kushika. Aliyetegemea mgomba peke yake aliisoma hasara yake shambani.

Na hiyo nakala ya mbali iwe mbali kweli. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Nakala iliyoko chumba cha pili, au nyumba ya pili, au hata mjini Bukoba, ingetikisika siku ile ile.

Mtu atasema: nitume kwa intaneti. Jaribu. Terabaiti moja kwa njia ya megabiti tano kwa sekunde itachukua siku 18 na nusu, usiku na mchana, bila bando kukatika. Basi litokalo Muleba asubuhi hufika Mwanza siku hiyo hiyo, na tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo-Busisi, hakuna tena kusubiri kivuko. Kwa kazi hii konda na kifurushi kilichofungwa vizuri kwa kitambaa wanaishinda intaneti. Ila funga na yaliyomo kwa neno la siri, ili kifurushi kikipotea kisisomeke na aliyekiokota.

Nimelitaja neno la siri, nalo ndilo linanileta kwenye taabu ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Seva nyingi za nyumbani zina fundi mmoja tu anayezielewa, naye ni mwenye nyumba. Siku akifumba macho, familia inabaki na sanduku linalonguruma, hakuna anayejua namna ya kulifungua. Baada ya arobaini mtu anakuja kulichomoa ili apate pa kuchomeka jokofu. Hapo diski ni nzima, nakala zipo tatu, na kila kitu kimepotea. Kwa hiyo andika karatasi moja, kwa mkono, kwa Kiswahili cha kawaida: nini kimo, kiko wapi, kinafunguliwaje, nakala iko kwa nani. Iweke pamoja na hati za kibanja. Na mfundishe mmoja wa watoto, siyo lazima awe yule anayependa kompyuta. Afadhali yule anayependa ukoo.

Pendekezo langu ni la ushirika. Wakulima wa kahawa wa Bukoba waliunda chama chao kikuu mwaka 1950 kwa sababu mmoja mmoja walikuwa wakipunjwa. Katika hili nasi tunapunjwa mmoja mmoja, na radi, na wakati, na wauza flashi za uongo. Familia tatu zilizo mbali mbali zinatosha, moja kijijini, moja Mwanza, moja Dar es Salaam. Kila moja itunze diski ya wenzake, imefungwa kwa neno la siri la wenyewe. Mara mbili kwa mwaka diski hizo zichomekwe, na faili kadhaa zifunguliwe kwa macho, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni tumaini tu.

Nawaambia hasa ninyi mlioko mijini mnaonisikiliza sasa, na mtakaonisoma gazetini. Desemba mtapanda mabasi kwenda nyumbani. Mtabeba sukari, mchele na vitenge, na mkirudi mtabeba senene na kahawa ya kutafuna. Safari hii ongezeni kitu kimoja kwenda na kimoja kurudi: diski moja ya picha za huko mliko, ibaki kijijini, na diski moja ya sauti za wazee, mrudi nayo. Wazee wenyewe hawana nakala ya pili.